Kipupwe, Mafuta ya Taa na Sinema ya Agosti 1982

Kamati ya Jarida imenitaka niandike habari za maisha ya shuleni petu katika miaka ya dhiki, na imenionya nisirudie yale ya kila toleo, yaani mpira, mahafali na fimbo za mwalimu wa zamu. Nimeona basi niandike juu ya baridi. Waliosoma hapa zamani hawahitaji kuelezwa baridi hiyo, na vijana walioko mabwenini hivi sasa wanaijua vilevile. Wasichokijua ni jinsi tulivyoishi nayo kati ya mwaka 1979 na 1985, wakati mambo makubwa ya nchi, vita na bei ya petroli na uhaba wa fedha za kigeni, yalipotufikia sisi watoto kwa njia ndogo ndogo sana: kibatari, blanketi, kuni, sabuni, na kitabu kisicho na jalada.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza mwaka 1980 barua ilinitaka niende Wilaya ya Njombe, ambayo siku hizo ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012. Ndiyo ilikuwa siasa ya Serikali kuwachanganya vijana, Mhaya akasome Songea na Mmakonde akasome Tabora, ili tusije tukajuana kwa makabila tu. Ni siasa niliyoilalamikia kwa miaka miwili na kuishukuru kwa miaka arobaini. Nilisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni ya TAZARA, reli iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, nikateremka Makambako alfajiri na sanduku la bati lenye mashati mawili ya mikono mifupi na shuka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha pale stesheni alinitazama toka utosini hadi miguuni, akaniuliza, "Mwanangu, blanketi umelisahau kwenye behewa?"

Neno kipupwe ni la Pwani. Kwetu ni majira yanayofuata masika, miezi ya Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na jua likiwa halichomi; mtu mzima hujifunika shuka usiku akasema leo kuna baridi. Neno hilo tulipolipandisha Njombe lilielemewa na mzigo. Mji wa Njombe uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi, hesabu mwenyewe. Isitoshe, usiku wa Julai mbingu ikiwa wazi hakuna wingu la kuifunika ardhi, joto la mchana hupaa lote, na hewa ya baridi kwa kuwa ni nzito huteremka mabondeni kama maji. Ndiyo maana asubuhi tuliikuta sakitu imeyafanya majani meupe kule bondeni kwenye kisima, na huku juu mabwenini hapana kitu. Na ndiyo maana zamu ya kuteka maji alfajiri ilikuwa ya kidato cha kwanza.

Baridi peke yake mtu huizoea. Iliyotusumbua ni baridi iliyokutana na uhaba. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Gharama yake kwa nchi yetu imekadiriwa kuwa kiasi cha dola milioni 500 za Marekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha vunjika mwaka 1977, na bei ya mafuta duniani ikapanda tena mwaka 1979. Mwalimu Nyerere alituambia baada ya vita tufunge mikanda kwa miezi 18. Sisi tuliingia shuleni mikanda ikiwa imefungwa, na tukamaliza kidato cha nne mwaka 1983 haijafunguliwa.

Jambo hilo lilikuwa na maana moja tu kwa kijana wa miaka kumi na minne: kila kitu kilihitaji kutumwa. Jumamosi mbili kwa mwezi Mkuu wa Shule aliandika kibali chenye mhuri, na wanafunzi wanne wakashuka mjini, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwenda kwenye duka la Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Tuliliita RTC kama kila mtu. Kibali kilitaja debe moja la mafuta ya taa, katoni ya sabuni na mfuko wa sukari. Hatukupata kamwe vyote vitatu. Aghalabu tulipata kimoja, na tukakipata baada ya kupiga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, tukiweka mawe kushika nafasi zetu ili twende tukaote moto wa walinzi. Chai ilikuwapo tele, maana Mufindi si mbali na majani yake ni mazuri. Sukari ndiyo ilikuwa hadithi. Tuliinywa kavu, na viazi.

Nikiwa kidato cha pili niliwahi kurudi na debe la mafuta ya taa tukilibeba kwa mti wawili wawili, mvua ya manyunyu ikatukuta njiani katikati ya mashamba ya miwati. Miti ile ni ya kampuni iliyoanza shughuli zake Njombe mwaka 1949, wakati Shirika la Maendeleo la Kikoloni la Uingereza lilipotafuta magamba ya kutengenezea dawa ya ngozi. Mwenzetu mmoja aliteleza. Debe likalala ubavu, na kabla hatujaliinua mafuta yakatoka kama ya kujaza chupa mbili za soda. Hatukusema neno. Mmoja wetu alivua soksi zake, akazichovya pale yalipotuama juu ya udongo, akazikamulia kwenye kikombe. Mtu asiyeishi miaka ile ataona nachekesha. Chupa mbili za mafuta zilikuwa usiku minne wa bweni zima.

Sabuni ilipokosekana tulifua kwa majivu. Betri za redio zilipochoka, watu wa Pwani tulijua kuzianika juani, lakini juani wapi? Huku tulizipanga kando ya jiko la jikoni, na mpishi akatutoza kuni kwa huduma hiyo. Zikishapata moto redio ya bweni ilisema tena kwa nusu saa, ikatupa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na siku za bahati mchezo wa Pwagu na Pwaguzi, kisha ikafifia katikati ya kicheko.

Hapo ndipo vitabu vilipoanzia.

Mwaka juzi tulipokutana shuleni, mwalimu wa maktaba alinifungulia kabati akanionyesha daftari la azima la miaka yetu. Mimi mwenyewe nilikuwa kiranja wa maktaba tangu kidato cha tatu, na nusu ya maandishi yale ni mkono wangu. Nililipekua kwa saa nzima. Kurasa za Oktoba na Novemba zina mistari michache. Kurasa za Mei, Julai na Agosti zimejaa hadi pembezoni, na mahali pengine nimeandika majina mawili katika mstari mmoja. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo nilipokuwa nikiandika. Maelezo yake ni rahisi. Mwezi wa Julai mahindi ya shamba la shule yamekwisha vunwa, na Elimu ya Kujitegemea, ambayo tangu mwaka 1967 ilitufanya wakulima wa saa za alasiri, ilikuwa haina la kutufanyisha hadi mvua zinyeshe. Saa kumi na moja jioni ukungu ulifunika uwanja, mpira hauonekani. Watu sitini wakafungiwa katika bweni moja na taa moja. Ama mlale saa moja, ama msome. Televisheni ilikuwa Zanzibar tu. Bara haikuanza hadi mwaka 1994.

Taa moja haiwezi kusomewa na watu sitini, kwa hiyo mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza chini ya mablanketi, wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Msomaji alipewa nafasi kando ya taa na kikombe cha uji, na aliyesoma vibaya aliondolewa bila huruma. Mhehe mmoja wa Kalenga alikuwa fundi wa jambo hili. Alibadili sauti kwa kila mtu wa hadithi hata tukamjua jasusi kabla hajatajwa. Kibatari kikianza kutoa moshi mweusi tulijua mafuta yamefika kwenye utambi, na mtu angepiga kelele toka gizani, "Ruka maelezo ya mandhari!"

Tulikuwa na nini cha kusoma? Kabati letu lilikuwa na tabaka, kama ardhi anayoichimba mtu wa mambo ya kale. Chini kabisa kulikuwa na vitabu vya Mwingereza: Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya mwaka 1929, chenye picha. Juu yake Shaaban Robert, Kusadikika cha mwaka 1951 na Adili na Nduguze cha mwaka 1952. Kisha matunda ya lile Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948, na Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliochapishwa mwaka 1960, ambao ulitufanya tukae na Bwana Msa na kiko chake tukikagua nyendo za mpishi wetu kuhusu nyama iliyopotea. Juliasi Kaizari ya Mwalimu, ya mwaka 1963, ilikuwepo nakala kumi na mbili, zote safi; naomba radhi kusema ukweli. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, haikuwemo kabatini, kwa kuwa iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Ilikuwemo chini ya godoro langu.

Lakini kitabu kilichotawala kipupwe chetu kilikuwa cha Elvis Musiba. Willy Gamba, mpelelezi wetu aliyezaliwa katika Kufa na Kupona mwaka 1974, alirudi katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979 na Njama mwaka 1981, akipambana na majasusi wa Makaburu. Walimu waliviita vitabu vya vichochoroni. Sisi tulikuwa na sababu zetu. Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa haijakombolewa, mabomu yalikuwa yakilipuka Msumbiji, na treni iliyotuleta ilikuwa imejengwa ili shaba ya Zambia isipite kwa Makaburu. Willy Gamba alikuwa katika vita tulivyosomewa kwenye taarifa ya habari, ila yeye alikuwa na viatu vizuri na hakusikia baridi.

Njama ilitufikia bila kurasa za mwisho. Karatasi ilikuwa adimu; madaftari tuliyakata nusu, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo pale Mufindi kilikuja kuanza kazi mwaka 1985, tumekwisha ondoka. Kitabu kikizunguka mabweni manne kilipoteza kurasa kwa wavuta tumbaku, kwa wawasha moto, na kwa haja nyingine nisiyoitaja. Basi msomaji alifika ukurasa wa mwisho uliopo, akanyamaza kidogo, akaendelea kwa kubuni. Bweni letu lilikuwa na mwisho wake na bweni la jirani wake, na ugomvi juu ya mwisho upi ni wa kweli ulizaa ngumi. Nilikuja kukinunua kitabu kizima Dar es Salaam mwaka 1987, nikakisoma kwa usiku mmoja kwenye taa ya umeme. Wa Mhehe wa Kalenga ulikuwa mzuri zaidi.

Sasa niseme habari ya sinema, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Sinema za kuonyeshwa vijijini kwa gari hazikuanza na Uhuru. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, mkoani kwetu Tanga. Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, walitengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika mambo ya kilimo, afya, kodi na kuweka akiba posta. Picha zilipigwa bila sauti, na maneno yakatiwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa pamoja na picha. Lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likiwa na jenereta na pazia. Fedha zilipokwisha serikali za kikoloni hazikutaka kuliendeleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili zilizotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini, na katika Muhogo Mchungu mchezaji mkuu alikuwa kijana mmoja aitwaye Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968. Ukitazama vizuri utaona kwamba muda wote huo shida ya sinema kijijini haikubadilika: pazia lipo, gari lipo, umeme hautoshi.

Agosti 1982, Alhamisi, gari la sinema la Serikali likapanda kilima chetu. Lilikuwa Landrova ya kijani, na vidato vya kwanza walilikimbilia wakipiga kelele za Bruce Lee. Lakini fundi wa sinema alikuwa na uso mrefu. Jenereta yake ndogo ilikufa Makambako. Mashine ya kuonyeshea ilikuwa nzima, filamu zilikuwa nzima, na kesho yake alitakiwa Makete. Akauliza kama shule ina umeme.

Shule ilikuwa na injini moja ya Lister. Ukifunga mkanda huku iliendesha dinamo, ukifunga huku ilisaga mahindi. Na ilikuwa na dizeli galoni mbili kasoro, yaani unga wa siku nne kwa watu mia nne; dizeli nyingine iliahidiwa wiki ijayo, na ahadi za dizeli tulizijua. Umeme wa Kidatu, uliozinduliwa mwaka 1975, ulikuwa haujatufikia.

Mkuu wa Shule, kwa jambo ambalo hadi leo silijui kama lilikuwa hekima au uchovu, alitukusanya uwanjani, upepo ukivuma, akatueleza hesabu yote, galoni kwa galoni. Kisha akasema, "Mimi sili na ninyi jikoni. Amueni." Kiranja mkuu akaita mikono. Waliotaka ugali walikuwa wachache, na niliwaona ni wale waliotoka nyumba zenye njaa. Mimi niliinua mkono wa sinema, na kidato cha kwanza wote wakainua, mikono miwili miwili.

Mashuka manne yalishonwa pamoja na kutundikwa kati ya nguzo mbili za goli. Tulikaa chini tumejifunika mablanketi, wakubwa mbele. Nafasi zilipokwisha, wadogo waliambiwa wakakae upande wa pili, nyuma ya pazia, ambako picha ilionekana vilevile ila kulia ikiwa kushoto na maandishi yakisomeka kinyume. Tulianza na filamu ya choo na maji ya kuchemsha, ya namna ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ilifuata filamu ya habari, na ndani yake bandari ya Dar es Salaam, meli ikiteremsha shehena. Nilikuwa sijaiona bahari tangu Januari. Upepo ulilipiga pazia, na meli ikapanda na kushuka kama ipandavyo meli. Nilifurahi kwamba palikuwa giza.

Kisha sinema yenyewe. Haikuwa Bruce Lee. Ilikuwa Fimbo ya Mnyonge ya Kampuni ya Filamu Tanzania, habari za mkulima masikini anayekwenda mjini kutafuta maisha na mwishowe akaingia kijiji cha ujamaa. Miguno ilisikika. Siasa tulifundishwa darasani mara mbili kwa wiki, ya nini kuikesha? Hata hivyo haikuchukua dakika kumi tukanyamaza. Wengi wetu tulikuwa hatujapata kuona watu katika picha wakisema Kiswahili, wakibeba jembe kama la baba zetu, wakipuuzwa mjini kama tutakavyopuuzwa. Reli moja ya filamu ya milimita 16 huchukua nusu saa hivi, na kila ilipobadilishwa tuliachwa gizani tukisikia Lister ikinguruma na kula ugali wetu. Mara mbili filamu ilikatika, fundi akaiunga kwa tochi mdomoni. Ilipokwisha ilikuwa yapata saa tano usiku, na blanketi langu lilikuwa na umande unaoweza kukamuliwa.

Dizeli iliyobaki ilisaga unga wa siku moja, nao ukawekwa uwe uji wa wagonjwa. Tukaanza kula makande. Hapo ndipo tulipojua hesabu ya Mkuu ilisahau jambo moja. Ugali huiva kwa dakika chache, lakini mahindi makavu mazima hutaka saa nne au tano za moto mkali, na rundo la kuni lililopangwa lifike Septemba likaisha kwa siku tatu. Jumapili jioni kiranja mkuu akatangaza kwamba kesho kabla ya masomo kidato cha kwanza wataenda kukusanya kuni kwenye mashamba ya miwati, saa kumi na moja alfajiri. Mikono yote ya kidato cha tatu na cha nne ilikuwa imeipigia kura sinema. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwenye kuni. Mimi kama kiranja wa maktaba nilikuwa na ruhusa ya kubaki, nami nilibaki, nikasoma.

Walirudi wamelowa. Mmoja wao, mtoto mdogo wa Mtwara aliyekuwa na sweta moja la kurithi, alianza kukohoa siku ileile, na Jumatano usiku alikuwa hapumui vizuri. Homa ya mapafu. Alipelekwa hospitali ya misheni juu ya trela la trekta, amefunikwa mablanketi ya watu wanane. Mwalimu wa zamu alinichagua nimpelekee uji kila alasiri, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda hakuwa na sababu.

Alichomwa sindano za penisilini kwa siku nyingi. Siku ya tatu, kwa kuwa hatukuwa na la kusema, nilimsomea Adili na Nduguze. Wodi nzima ikanyamaza. Siku iliyofuata walikuwa wameniwekea kiti. Kitanda cha pili palikuwa na mzee wa Kibena, mguu wake umefungwa bendeji, na siku moja nilipochelewa nilimkuta amekishika kitabu mwenyewe, kidole chini ya neno, akiwasomea wenzake silabi kwa silabi. Aliniambia alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo. Kampeni ile ya mwaka 1971 hadi 1975 tuliijua kwa mabango na kwa takwimu: watu wazima wasiojua kusoma walikuwa yapata theluthi mbili, na kufika mwaka 1981 walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mimi nilimwona mmoja wa hao waliohesabiwa. Alisoma polepole kupita kiasi, na hakuna aliyemwambia aruke maelezo ya mandhari.

Mtoto alipona. Alirudi shuleni baada ya wiki mbili, amekonda, na dizeli ilikuwa imekwisha fika. Mwaka uliofuata, 1983, msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine ulizitoa sabuni na sukari katika maficho kwa miezi michache. Sokoine alifariki katika ajali ya gari Aprili 1984. Na bajeti ya Juni mwaka huo ikaanza kuwaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao. Wadogo zetu walituandikia kwamba blanketi sasa zipo, ila bei yake haisemeki.

Yule wa Mtwara ni mwanachama wa umoja wetu, na wengi mnamjua ingawa sitamtaja. Mwaka juzi, baada ya kulifunga lile daftari, nilimkuta ameketi peke yake kwenye ngazi za bweni la zamani, koti limefungwa hadi shingoni. Ilikuwa Julai. Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia kwa miaka zaidi ya arobaini, kwamba asubuhi ile ya kuni mimi nilikuwa kitandani na Willy Gamba. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniuliza kitu. Yeye, alisema, usiku ule alikaa nyuma ya pazia, na palikuwa na maandishi mwanzoni na mwishoni mwa ile sinema ambayo hakuweza kuyasoma kwa vile yalikuwa kinyume. Yalisemaje?

Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, mbele kabisa. Sikuyakumbuka.